Isome Chupa, Usiinywe



Wiki hii nimeletewa swali na kijana anayesomea usanifu wa picha chuoni. Amepewa mradi wa muhula: achambue matangazo na vifungashio vya pombe kali za kifahari, yaani wiski, konyaki na vodka za bei ya juu. Aeleze chupa, lebo, rangi na kasha vinafanyaje kazi. Mama yake amesema mtoto aliyeokoka hawezi kukaa muhula mzima akitazama picha za pombe. Kijana naye anajua asipotoa huo mradi atarudia somo, na karo ya kurudia haipo. Ananiuliza: Pasta, nifanye au niache?

Nimeamua kujibu hapa kwa sababu najua si nyumba moja yenye swali kama hili. Jibu langu: fanya. Fanya vizuri kuliko darasa lote. Na wewe mzazi, kabla hujanikasirikia, soma mpaka mwisho.

Najua andiko utakalonifungulia. Ni Mithali 23, mstari wa 29 hadi 35. Pale Sulemani anatuonya tusiiache macho yakae juu ya divai inapokuwa nyekundu, inapong'aa kikombeni na kushuka kwa ulaini. Ni neno la Mungu na silipingi. Lakini hebu lisome tena polepole. Ametaja rangi. Ametaja chombo. Ametaja ulaini wa kushuka kooni. Angalia tangazo lolote la wiski leo: rangi ya kahawia iliyopigwa taa kutoka nyuma, glasi nzito yenye kung'aa, na neno "laini". Aliyeandika sura ile alikuwa amelichambua jambo hili miaka mingi kabla ya chuo chochote cha usanifu kufunguliwa.

Kisha akaendelea mahali ambapo tangazo hukomea. Akaandika majeraha yasiyo na sababu, macho mekundu, maumivu kama ya kuumwa na nyoka, na mtu anayeyumba kama aliyelala juu ya mlingoti wa meli. Mtu huyo akiamka, anaitafuta tena. Mpendwa, kuna kutazama kwa kutamani na kuna kutazama kwa kupima. Sulemani alipima.

Sasa njoo kwa Danieli, sura ya kwanza. Yeye na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo ndani ya jumba la mfalme wa Babeli. Darasa walilikubali. Walichokataa ni meza, yaani chakula cha mfalme na divai yake. Siku ya mtihani mfalme akawaona bora mara 10 kuliko waganga na wachawi wake wote. Kijana wangu, chukua darasa, acha meza. Na alama zako ziwe za Danieli.

Haya, tuufanye mradi pamoja kidogo. Kila chupa utakayoiweka mezani, iulize maswali matatu: Inaahidi nini? Inamwahidi nani? Imeacha nini nje ya picha?

Anza na konyaki ya Louis XIII ya kampuni ya Rémy Martin. Inauzwa ndani ya chupa ya kristali, na bei yake inaweza kununua ng'ombe kadhaa wa maziwa. Imepewa jina la mfalme wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1643. Kampuni yenyewe ilianzishwa 1724, na konyaki hiyo ikaanza 1874. Hesabu mwenyewe. Mfalme huyo hakuwahi kuionja wala kuijua kampuni hiyo. Umbo la chupa nalo, kama kampuni inavyosimulia, limeigwa kutoka kwa chupa iliyookotwa katika uwanja wa vita wa Jarnac, ambapo Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa walipigana mwaka 1569. Kwa hiyo mnunuzi anapewa mfalme na historia kabla hajapewa kinywaji. Andika hivyo katika mradi: jina na umbo ndivyo vinavyobeba heshima, na heshima hiyo imeazimwa.

Halafu nenda kwa vodka. Kwa miaka mingi sheria ya Marekani ilieleza vodka kuwa pombe isiyo na ladha, harufu wala rangi ya kuitofautisha. Sasa utafanyaje kitu cha namna hiyo kiwe cha kifahari? Mfanyabiashara Mmarekani aitwaye Sidney Frank alipata jibu miaka ya 1990. Aliitengenezea Grey Goose nchini Ufaransa, akaiweka kwenye chupa ya kioo cha ukungu yenye picha ya bata bukini wakiruka, kisha akaiuza kwa takriban dola 30, juu sana ya vodka zilizotamba wakati huo. Bei yenyewe ikawa sehemu ya tangazo. Mwaka 2004 kampuni ya Bacardi ikainunua chapa hiyo kwa kiasi cha dola bilioni 2. Uliza: kilichonunuliwa kwa pesa hizo ni nafaka na maji, au ni picha iliyokaa katika vichwa vya watu?

Na usidhani ni wajinga tu wanaonaswa. Mwaka 2008 watafiti huko California walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 20. Waliwaonjesha divai ileile mara mbili, mara moja wakiambiwa ni ya dola 10, mara nyingine dola 90. Walisema ile ya dola 90 ni tamu zaidi, na mashine ya kupima ubongo ikaonyesha kweli walikuwa wanaifurahia zaidi. Bei ilibadilisha utamu mdomoni. Kama lebo ya bei inaweza hivyo, kristali na dhahabu zinaweza nini?

Usiisahau Johnnie Walker, maana mabango yake tunayajua sote. Chupa ya mraba ilikuja 1860, na ilikuwa na akili: haivunjiki kwa urahisi njiani na zinajipanga nyingi ndani ya kasha. Lebo imelazwa kwa pembe ya nyuzi 24, kwa hiyo herufi zinapata nafasi ya kuwa kubwa na unaiona kutoka mbali. Yule bwana mwenye kofia na fimbo alichorwa na Tom Browne mwaka 1908. Mwangalie vizuri. Anatembea wima, hatua ndefu, viatu vinang'aa. Zaidi ya miaka 100 anatembea na hajawahi kupepesuka. Kisha toka nje usiku wa mwisho wa mwezi, simama karibu na baa, uone wanaotoka humo wanatembeaje. Hilo ndilo swali la tatu: nini kimeachwa nje ya picha?

Lakini uwe mwadilifu. Usiandike kwamba kila kitu ni uongo. Konyaki yenye herufi XO ni lazima ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka 10, na hiyo ni kanuni ya Ufaransa tangu 2018. Waliotengeneza pipa ni mafundi kweli, waliochora lebo ni wasanii kweli. Ukiwadharau bila ushahidi, mhadhiri atakukata alama, na utakuwa umemshuhudia jirani yako uongo. Uzuri haukutoka kwa shetani. Katika Kutoka 31 Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba, na kuchonga vito. Kipawa ulicho nacho mkononi kina ukoo mzuri.

Jambo lingine la kupima ni onyo. Sheria yetu ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inataka onyo la afya kwenye pombe, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Chukua rula. Pima herufi za jina la chapa, kisha pima herufi za onyo. Tazama lipi limepewa dhahabu na lipi limewekwa mahali jicho halifiki haraka. Ukurasa huo mmoja wa vipimo utamfundisha mhadhiri wako jambo.

Sasa nikuwekee mipaka miwili, maana sitaki mtu aseme Pasta amefungua mlango wote.

Kwanza, kama wewe mwenyewe umewahi kufungwa na pombe na Bwana amekutoa, usifanye mradi huu. Nenda kwa mhadhiri mapema, omba mada nyingine. Hakuna aibu. Aliyeungua hapangiwi kulala karibu na jiko. Na kama bado unapambana, njoo tuombe na tuzungumze, na pia piga simu ya bure ya NACADA, 1192. Kupiga simu si kukosa imani.

Pili, kuchambua kuna mwisho wake. Muhula ujao ukiambiwa ubuni tangazo la kumshawishi mtu anywe, hapo meza ya mfalme imefika. Danieli hakumtukana msimamizi wake. Alimwomba kwa heshima, akampa njia nyingine. Nawe mpe mhadhiri njia: ubuni chupa ya asali ya Baringo, au uliunde upya onyo la afya hadi lisomeke hata na mtu aliye na haraka.

Na sisi wazazi? Hapa ndipo neno linapouma. Chupa hizi zinauza heshima, na heshima hiyo inapata wateja kwa sababu sisi tunaikubali. Kwenye ruracio, wakwe wanaoweka mzinga wa bei mezani wanapigwa picha. Walioleta soda na maziwa wanaambiwa wamekuja mikono mitupu. Kuna sebule za waliookoka ambapo chupa tupu ya kifahari bado imesimama kwenye kabati kama kombe la ushindi. Chupa tupu zina soko, na matapeli huzijaza pombe bandia. Ndiyo maana KRA hubandika stempu za ushuru, na makampuni mengi huweka vifuniko vya kuzuia chupa kujazwa tena. Jiulize, kioo kitupu kina thamani gani kama si macho ya watu?

Mama, mtoto wako atapita chini ya mabango hayo kila siku akiwa ndani ya matatu, awe amefanya mradi au hajafanya. Tofauti ni kwamba akiufanya atajua kwa nini taa imewekwa nyuma ya chupa. Mimi namuogopea zaidi kijana anayeyatazama bila kujua kwamba anaambiwa kitu.

Paulo anawaandikia Wakorintho, barua ya pili sura ya nne, kwamba hazina tuliyo nayo Mungu ameiweka ndani ya vyombo vya udongo. Ukipata nafasi jioni ya leo, soma sura hiyo na watoto wako. Kisha weka chupa yoyote mezani, hata ya maji au ya mafuta ya kupikia, muiulize yale maswali matatu. Mtashangaa watoto wanavyojua kujibu.

Tuombe: Baba, wape vijana wetu macho ya kupima na moyo usiotamani. Wape alama nzuri na dhamiri safi. Wafungue waliofungwa na chupa, na sisi wazee utuponye na kiu ya heshima ya watu. Katika jina la Yesu.

Ukikubaliana, andika AMINA, kisha mtumie kijana mmoja aliye chuoni ujumbe huu. Mbarikiwe.