Sitara na Taswira: Spencer Tracy, Ujiji na Gharama ya Sura Njema

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii huwaonya wanaovutwa na sura ya nje, nayo inafaa sana tunapoijadili sanaa ya filamu, ambayo kwa sehemu kubwa ni sanaa ya kupamba mlango. Makala haya yanakusudia kutoa maoni kuhusu mwigizaji wa Marekani, Spencer Tracy (1900–1967), ambaye katika filamu ya *Stanley and Livingstone* ya mwaka 1939 aliigiza tukio lililotokea Ujiji mwaka 1871.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mzaliwa wa Milwaukee aliyefia Los Angeles anatuhusu nini sisi tunaoshughulika na Kiswahili na fasihi yake? Anatuhusu kwa kuwa alikuwa mtu wa sura mbili aliyepewa kazi ya kumwigiza mtu mwingine wa sura mbili, na mji uliotumiwa kuwa jukwaa la sura hizo ni mji wetu. Hoja ninayoitetea ni kwamba sitara na taswira ni vitu viwili. Sitara humlinda mtu na aibu; taswira hutengenezwa ili iuzwe. Mhakiki asiyetofautisha mambo haya ataishia kuwa ama mpambaji ama mdaku. Swali la maana kwake si lile la kwamba mtu alificha nini, bali ni nani aliyelipa gharama ya kufichwa huko.

2.0 Mwigizaji aliyesifiwa kwa kutoigiza

Wale waliomsifu Tracy walimsifu kwa namna ya pekee. Walisema kuwa haonekani kuigiza. Uso wake mpana, sauti yake ya chini na utulivu wake viliwafanya watazamaji waamini kuwa wanamwona mtu mkweli akisema kweli. Mwaka 1937 aliigiza mvuvi Mreno katika *Captains Courageous*, na mwaka 1938 akaigiza padri anayelea wavulana wasio na makao katika *Boys Town*. Kwa kazi hizo mbili alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mara mbili mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyelipata kabla yake. Hivyo, kampuni ya 20th Century Fox ilipomwazima kutoka MGM ili awe Stanley, haikuazima mwigizaji tu. Iliazima uaminifu ambao watazamaji walikwisha kumpa mvuvi na padri.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1923 Tracy alimwoa Louise Treadwell, naye alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume, John, ambaye baadaye iligunduliwa kuwa ni kiziwi. Waliosimulia maisha ya Tracy wanakubaliana kuwa jambo hilo lilimjeruhi sana, na kwamba akiwa Mkatoliki aliuona uziwi wa mwanawe kama adhabu ya dhambi zake mwenyewe. Alikuwa mlevi, lakini si wa kila siku: aliweza kukaa miezi mingi bila kugusa pombe, kisha akapotea kwa siku kadhaa, akatafutwa na kulazwa hospitalini. Kampuni ilikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuzungumza na magazeti na polisi ili habari za namna hiyo zisitoke. Hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Padri mlevi hauzi tiketi.

3.0 Kata zilizoijua siri ya mtungi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika maisha ya Tracy kata zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa wanawake.

Wa kwanza ni Louise. Aliacha jukwaa, akamfundisha mwanawe kusoma midomo na kutamka maneno, kisha mwaka 1942 akaanzisha mjini Los Angeles kituo cha kuwasaidia wazazi wa watoto viziwi, akakipa jina la mwanawe, John Tracy Clinic. Wazazi walihudumiwa bila malipo, na waliokaa mbali walitumiwa masomo kwa barua. Ni kweli kwamba Tracy alitoa fedha kukisaidia kituo hicho, wala si haki kumnyima sifa hiyo. Hata hivyo, hatuna budi kuona tofauti. Lile ambalo mume aliliona kuwa aibu ya kumezwa pamoja na pombe, mke aliliweka hadharani likawa elimu kwa wengine. Katika jamii nyingi, yetu ikiwamo, mtoto asiyesikia amewahi kufichwa chumba cha ndani wageni wanapobisha hodi. Louise alimtoa mtoto sebuleni.

Wa pili ni Katharine Hepburn. Yeye na Tracy walianza kuigiza pamoja katika *Woman of the Year*, iliyotoka mwaka 1942, na hadi mwaka 1967 walikuwa wamecheza filamu tisa pamoja. Walipendana miaka yote hiyo. Tracy hakumpa Louise talaka, wala hakurudi kuishi naye kama mume. Hepburn alimuuguza katika miaka yake ya mwisho, na alikuwamo ndani ya nyumba alipofariki tarehe 10 Juni 1967, majuma machache tu baada ya kumaliza kupiga filamu yao ya mwisho. Hakuhudhuria mazishi. Alisubiri hadi Louise alipofariki mwaka 1983 ndipo akaanza kuyasema hadharani mapenzi hayo, na mwaka 1991 akayaandika katika kitabu cha maisha yake.

Tukizipima nyamaza hizi mbili, tunaona kuwa si za aina moja na ile ya kampuni. Wanawake hawa walinyamaza kwa kustahiana na kwa kumstahi mtu waliyempenda. Hiyo ndiyo sitara. Lakini kampuni ilizitumia nyamaza zao kama saruji ya kujengea taswira. Louise alibaki na jina la mke bila mume ndani ya nyumba. Hepburn alibaki na mume bila jina la mke. Mtazamaji aliyelipa kiingilio hakujua kuwa kuna wengine waliokwisha kulipa zaidi yake.

4.0 Stanley wa Hollywood na Stanley wa Ujiji

Sasa tuitazame filamu yenyewe. Kwa ajili yake, Tracy hakukanyaga Afrika. Picha za misafara na nyika zilipigwa Afrika Mashariki na kikundi kingine, kisha zikaunganishwa na zile zake zilizopigwa Marekani. Ujiji tunaouona akiuingia ni wa California. Haoni michikichi ya Kigoma wala maji ya Ziwa Tanganyika; anaona mbao na rangi.

Mtu aliyemwigiza naye alikuwa kazi ya mkono. Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na mtoto alilelewa kuanzia mwaka 1847 katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alipokwenda Marekani alijipa jina la Henry Stanley, na kwa miaka mingi alijitambulisha kuwa Mmarekani. Hata lile neno la salamu linalojulikana duniani kote kuwa ndilo alilomwambia Livingstone limetiliwa shaka na watafiti: kurasa za shajara yake zilizohusu siku hiyo zimechanwa, na Livingstone mwenyewe, katika maandishi yake, hakulitaja. Tarehe nayo ina utata. Stanley alitoa 10 Novemba 1871, ilhali hesabu ya Livingstone ilikuwa Oktoba.

Kwa hiyo, Tracy aliweka taswira juu ya taswira. Filamu ikaongeza ya tatu. Ilimpa Stanley msichana wa kumpenda ambaye hakuwapo katika safari halisi, na mwenzi wa Kimarekani wa kubuni aliyeigizwa na Walter Brennan. Katika historia, kiongozi wa askari wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na ambaye kabla ya hapo alikwisha kuwasindikiza Burton na Speke hadi ziwa hilihili. Mwishoni, filamu inamrudisha Stanley Afrika kana kwamba anaiendeleza kazi ya Livingstone. Haituambii kuwa Stanley huyo, kati ya mwaka 1879 na 1884, alimtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuifungua nchi ya Kongo, upande wa pili wa ziwa, kazi iliyozaa mateso yanayojulikana.

Hapa ndipo uso wa Tracy ulipotumika. Mtazamaji wa mwaka 1939 hakuwa na sababu ya kumshuku mtu yule mtulivu aliyekuwa padri mwaka uliotangulia. Uongo wa historia uliaminika kwa sababu ya uongo wa maisha. Waliolipa gharama si Louise na Hepburn tena, bali watu wa Ujiji. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mtu wa kwanza kumlaki na kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, kisha akafuata Chuma. Hawa ndio, pamoja na wenzao, walioubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo mwaka 1873 hadi Bagamoyo mwaka 1874. Lakini wageni waliokwenda kuliona kumbukumbu la Ujiji wameonyeshwa sanamu za Wazungu wawili wakisalimiana. Aliyetangulia kusalimu hana sanamu.

Ziwa hili liliwahi kumgusa Hepburn pia. Mwaka 1951 aliigiza katika *The African Queen*, iliyopigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, ambayo kisa chake kilichochewa na vita vya majini vya Ziwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika filamu, meli ya Wajerumani inalipuliwa na kuzama. Meli halisi, Graf von Götzen, iliyoundwa upya na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 baada ya kupakwa mitambo yake grisi. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ikachukua abiria na mizigo ya watu wa mwambao kwa miongo mingi. Ukweli wa jambo, hata ukizamishwa, unaweza kuibuka na kufaa watu kuliko hadithi yake.

5.0 Pingamizi na jibu

Yamkini mtu atasema kuwa maisha ya faragha ya msanii hayamhusu mhakiki: kazi isimame yenyewe. Mwingine atasema kuwa mila zetu zinatufundisha kusitiriana, na kwamba kufukua ya marehemu ni utovu wa adabu. Pingamizi zote mbili ni za heshima.

Kwa la kwanza, nasema kuwa kampuni yenyewe haikuiacha kazi isimame peke yake. Iliuza kazi pamoja na mtu. Aliyeuza vyote viwili hawezi kutukataza kuvikagua vyote viwili. Kwa la pili, nasema kuwa sitara ni haki ya mnyonge, si bidhaa ya mwenye duka. Wala dawa ya taswira si udaku. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, Tanzania ililia kweli; lakini palikuwapo pia waliofanya biashara ya chumba chake na ya usiku wake wa mwisho. Hollywood ya zamani iliuza pazia. Magazeti ya udaku huuza tundu la pazia. Katika biashara zote mbili mtu mwenyewe amekosekana.

Tracy mlevi, mwenye hofu ya Mungu na uchungu wa mwanawe, ni mtu wa kuhurumiwa na kufundisha. Tracy asiye na doa hawezi kumfundisha yeyote. Kumrudishia mtu udhaifu wake kwa haki si kumvunjia heshima, bali ni kumrudishia utu wake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa sura njema ina gharama, na kwamba anayelipa mara nyingi haonekani katika picha. Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wasifu wa waigizaji wetu, wa jukwaani, wa redioni na wa filamu, uandikwe kwa Kiswahili kwa kuwahoji pia waliokaa nyuma ya mlango: wake, waume, watoto, wauguzi. Pili, wanafunzi wa fasihi simulizi wapelekwe Ujiji na Kigoma, hadi mialoni Kibirizi na Katonga, wakusanye yale ambayo familia za wenyeji zinasimulia kuhusu misafara, wapagazi na watumwa, kabla wazee hawajaondoka nayo.

Siku tamthilia ya Ujiji itakapoandikwa na watu wa Ujiji, pazia lifunguke akiwa jukwaani Susi, anakimbia kumlaki mgeni. Stanley atamfuata.