Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Likizo Ndefu na Kumbukumbu za Nyeri

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufafanuliwa kila mwaka katika mihadhara ya fasihi simulizi, lakini ni nadra kwa mwanafunzi kuitia katika vitendo. Likizo ndefu inapokaribia, mabweni hubadilika sura. Magodoro hufungwa kamba, vitabu hurejeshwa maktabani, na marafiki waliochangia sufuria moja kwa mihula miwili huagana langoni kwa ahadi za kupigiana simu. Huyu hushika njia ya Lamu, yule ya Busia, na mwingine hupanda matatu ipitayo Thika, Sagana na Karatina hadi Nyeri. Ya chuoni hubaki chuoni na ya nyumbani hubaki nyumbani. Makala haya yanashikilia kwamba utengano huo ni hasara, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Nyeri, Othaya, Kerugoya au Nanyuki afadhali amwalike rafiki yake kwao, angalau kwa juma moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba mwanafunzi huyo hajui mengi kuhusu nyumba aliyozaliwa. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba. Hivyo vijana wengi hubeba majina ya wazee ambao maisha yao hawajawahi kuyauliza. Yamkini wanajua kwamba cucu hawezi kustahimili kuona githeri ikimwagwa, au kwamba guka huondoka kimya mazungumzo yakifika mahali fulani. Chanzo chake hawakijui.

Chanzo hicho mara nyingi kina tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia Juni 1954 hadi mwishoni mwa 1955, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1 katika maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Wanawake walilazimishwa kuchimba handaki kandokando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita miaka 80. Isitoshe, wakoloni walichoma nyaraka nyingi kabla ya uhuru wa 1963, na kwa hiyo sehemu ya historia hii imo vifuani mwa wazee peke yao.

Je, kwa nini mjukuu asiulize mwenyewe? Anaweza, lakini mazoea humfunga kinywa. Mjukuu hudhaniwa kuwa anajua, naye huona haya kukiri kwamba hajui. Mgeni hana kizuizi hicho. Rafiki kutoka Lamu akiuliza kwa adabu, "Shikamoo nyanya, hapa palikuwaje zamani?" swali lake halina makosa. Mwenyeji hulazimika kueleza kuanzia mwanzo, na mjukuu, aliyeketi katikati kama mkalimani, husikia kwa mara ya kwanza jambo lililokuwa jikoni mwao miaka yote.

Hapo ndipo taaluma ya Kiswahili inapojaribiwa. Chukua mfano wa neno gĩcagi. Vijana hulitumia kwa mzaha kumaanisha mashambani. Kwa cucu, linaweza kuwa kijiji cha seng'enge, saa za kutotoka nje na nyumba iliyochomwa nyuma yake. Mkalimani akisema "kijiji" tu, rafiki wa Lamu atawaza minazi na msikiti. Ili atafsiri vyema, mjukuu hana budi kumrudia cucu na kumwuliza zaidi. Hakuna zoezi la tafsiri darasani linalodai uaminifu wa namna hiyo.

Mifano ya kuandika kumbukumbu haikosekani katika eneo lenyewe. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, aliandika shajara kwa Kikuyu akiwa kizuizini. Ilichapishwa mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alieleza katika tawasifu yake ya mwaka 2006 jinsi alivyokuwa shule ya bweni huko Mathari ilhali mama yake aliishi katika kijiji cha dharura. Mmoja alitumia Kikuyu, mwingine Kiingereza. Kiswahili, lugha ambayo kwayo mjukuu wa Nyeri na mwenzake wa Lamu hufanyiana utani, kinastahili hazina hiyo pia.

Hata hivyo, pendekezo hili lina hatari zake. Kuna familia ambazo ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa askari wa ulinzi wa serikali, na mashamba yakagawanyika kwa misingi hiyo. Swali la mgeni laweza kutonesha kidonda. Kwa hiyo mzee aombwe idhini kabla ya kurekodiwa. Akinyamaza, kimya chake kiheshimiwe. Na majina ya majirani yasichapishwe. Aidha, nauli ni ghali kwa wengi. Lakini mgeni wa mwanafunzi hahitaji karamu. Chai, mukimo na blanketi la pili dhidi ya baridi ya Julai vinatosha.

Urafiki wa chuoni mara nyingi hufa baada ya mahafali kwa kuwa haukuwahi kuvuka lango la chuo. Rafiki aliyeketi jikoni kwa cucu na kusikia jina la mwenzake lilikotoka ana jambo la kukumbuka hata simu zikikoma. Naye akirejea Lamu, huenda akamwuliza nyanya yake mwenyewe swali lile lile. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kulisaidia hili kwa kutenga kurasa za simulizi hizo katika kila toleo linalofuata likizo. Mabweni yanakaribia kufungwa. Mwaliko utolewe sasa, kabla marafiki hawajaagana langoni.