Sindano ya Kichina Isigeuzwe Mrija

Wako wagonjwa ambao kosa lao kubwa ni kwamba maumivu yao hayaonekani. Damu ikipimwa haina kitu, picha ya eksirei haina kitu. Hata hivyo mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huamka mwili mzima ukimuuma kama aliyepigwa, na usingizi haumwondolei uchovu. Ugonjwa huo ni fibromialgia. Tangu mwaka 1990 mabingwa wa Marekani wameuwekea vigezo vya kuutambua. Lakini hadi leo wako madaktari na wakuu wa kazi wanaomwita mgonjwa huyo mvivu au mzushi.

Ni hapo, kati ya maumivu ya kweli na daktari asiyesadiki, ndipo mfanyabiashara wa sindano anapopenyeza mkono wake.

Tuelewane, ndugu msomaji. Hatuna ugomvi na Wachina. Madaktari wao wamekuwa wakiwatibu wananchi wa Tanzania Bara tangu mwaka 1968, na mtu anayeidharau tiba ya sindano, iitwayo akupancha, kwa kuwa tu imetoka Mashariki, ana kasumba isiyotibika kwa sindano wala kwa kidonge. Huko China kwenyewe tiba hiyo imepanda na kushuka. Mwaka 1822 Mfalme Daoguang aliiondoa katika chuo cha tiba cha kifalme. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa vijijini, mikononi mwa madaktari pekupeku, kwa sababu ilikuwa rahisi na madaktari walikuwa haba. Ilikuwa chombo cha mkulima. Kisha mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, James Reston, alipasuliwa kibole mjini Peking, akachomwa sindano za kumtuliza baada ya kupasuliwa, akaisimulia habari hiyo katika gazeti la New York Times. Mwaka uliofuata Rais Nixon alizuru China. Tangu hapo sindano ilipata duka, na duka likapanga bei.

Je, inaponya fibromialgia? Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 100 mjini Seattle, Marekani. Waligawanywa katika mafungu manne, wakatibiwa mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Fungu la kwanza walichomwa mahali hasa panapotajwa na tiba hiyo kwa ugonjwa wao. La pili walichomwa kama watu wenye ugonjwa mwingine kabisa. La tatu walichomwa mahali ambapo tiba hiyo haipatambui. La nne hawakuchomwa hata kidogo, waliigiziwa tu. Sindano ya kweli haikupunguza maumivu kuliko maigizo hayo!

Mwaka 2013 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 9 yenye wagonjwa 395. Waliona kwamba sindano yaweza kuwa bora kuliko kukosa tiba, lakini haipiti ile ya kuigiza katika kupunguza maumivu. Yenye kutiwa umeme kidogo ndiyo iliyoonesha dalili njema zaidi. Wenye maduka huisoma nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuificha ya pili.

Wala wenye viwanda vya dawa wasishangilie. Kidonge cha pregabalini kiliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa ugonjwa huu. Mwaka 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza ikawaambia madaktari wasiwaanzishie kidonge hicho wagonjwa wa aina hii. Taasisi hiyo hiyo iliruhusu sindano, nao wauzaji wanaupeperusha uamuzi huo kama bendera. Hawasemi kwamba kilichoruhusiwa ni awamu moja, isiyozidi saa 5 za mtumishi wa afya. Kumchoma mtu mwaka hadi mwaka, maadamu ana fedha, hakumo.

Kwa maoni yetu, mengi anayoyanunua mgonjwa pale dukani si sindano. Ananunua kulazwa kwa utulivu na kuulizwa na mtu asiye na haraka: unaumwa wapi? Jambo hilo alistahili kulipata hospitali.

Mwaka 2016 mabingwa wa Ulaya walizipima tiba za ugonjwa huu, wakaipa moja tu pendekezo la nguvu: mazoezi ya mwili. Mazoezi hayana wakala wala tangazo. Yanataka daktari anayesadiki tangu siku ya kwanza kwamba mgonjwa anaumwa kweli, na mkuu wa kazi atakayempa nafasi ya kuyaanza polepole badala ya kumwandikia barua ya onyo.