Kamera Mpya na Karo ya Mtoto

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila mwenye nyumba anayetamani kitu cha dukani kabla ya kujiuliza kile alicho nacho kabatini kimemkosea nini.

Huko Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, mtumishi mmoja wa serikali ana desturi ya kupanda mlimani kila likizo ili apige picha za mandhari. Kamera yake ni Nikon D750, ya aina iliyotoka mwaka 2014. Alikusudia kununua Nikon Z7 II, iliyotoka mwaka 2020, na akiba yake ilikaribia kutosha. Lakini akiba hiyo ndiyo iliyotazamiwa kulipa karo ya kifungua mimba wao, aliyekuwa akiingia shule ya bweni.

Mkewe hakumgombeza. Alimwambia tu, "Baba watoto, lete picha zilizoharibika tuzitazame pamoja. Tujue kosa ni la kamera au ni la nani."

Picha 20 zikapangwa mezani. Kumi na moja zilikuwa zimetikisika, maana zilipigwa kwa mkono mtupu alfajiri, mwanga ukiwa hafifu. Tano zilikuwa na madoa ya matone ya mvua yaliyotua juu ya lenzi. Nne zilipigwa jua likiwa utosini, na milima ikaonekana bapa kama ukuta. Tena siku ya mwisho hapakuwa na picha kabisa, kwa kuwa betri ilizimika kwa baridi.

"Basi kamera mpya," mkewe akauliza, "itazuia mvua?"

Bwana alijitetea kwa uzito, kwani mpanda mlima huhesabu kila gramu. Wakapiga hesabu. Kamera ya zamani ikiwa na betri na kadi yake ina gramu 840. Ile mpya ina gramu 705. Lakini lenzi zake za zamani haziingii katika kamera mpya bila kiungo maalumu, nacho kina gramu 125. Jumla ni gramu 830. Nafuu yote ni gramu 10, yaani kama vijiko viwili vya chai vya sukari.

Wakaja kwenye ukubwa wa picha. Kamera ya zamani hutoa picha yenye nukta 6,016 kwa upana. Mpya hutoa 8,256. Kwa uchapaji safi wa nukta 300 kwa inchi, ya kwanza hufika upana wa sentimita 51, na ya pili sentimita 70. Picha kubwa kuliko zote ukutani mwao ina sentimita 40.

Haki ya kamera mpya nayo isifichwe. Ina mtambo wa ndani wa kutuliza mtikisiko wa mkono, ambao ya zamani haina. Mtu achapaye picha kubwa za kuuza, au ambaye kamera yake imechakaa na fundi amekata tamaa, ana sababu ya kununua. Lakini kwa mlima usiokwenda popote, stendi ya miguu mitatu hutuliza kamera vizuri zaidi, tena kwa bei ndogo.

Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella aliipiga picha milima hiyo hiyo kwa kamera za zama zile, zisizo na betri wala kompyuta. Picha zake zimewasaidia wataalamu kupima barafu inavyotoweka: iliyokadiriwa kuwa karibu kilomita za mraba 6.5 mwaka ule, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003. Atakaye kuonyesha badiliko hilo sharti asimame mahali pale pale, aelekeze lenzi kule kule, na awe na subira ya kungoja mawingu yafunguke. Wala hana miaka mingi ya kungoja fedha, kwa kuwa barafu haimngojei.

Neno hilo ndilo lililomshinda bwana. Karo ikalipwa. Kwa fedha kidogo iliyosalia vikanunuliwa stendi imara, betri ya pili, vitambaa laini vya kufutia lenzi na mfuko wa nailoni wa kufunikia kamera mvua inaponyesha. Betri ya akiba italala ndani ya blanketi pamoja na mwenyewe, ipate joto la mwili. Saa za kazi zitakuwa alfajiri na jioni, jua linapolala ubavuni mwa mlima na kuchora kila bonde kwa kivuli.

Kamera ya zamani imekwisha kupanguswa, nayo yangoja likizo.