Tamathali za Semi katika Somo la Kiingereza: Hoja kutoka Bukoba na Muleba

Ufundishaji wa ushairi katika somo la Kiingereza umelalamikiwa kwa muda mrefu, na aghalabu lawama zimeelekezwa kwenye vitabu: kwamba mwanafunzi wa Kiafrika husomeshwa theluji na maua asiyopata kuyaona. Kwa Tanzania hoja hiyo imepungua nguvu. Diwani ya Summons, iliyohaririwa na Richard Mabala mwaka 1980, ina mashairi ya Watanzania. Nayo Song of Lawino ya Okot p'Bitek (1966) imesomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne. Vitabu hivyo ni vyetu. Kwa maoni yetu, tatizo limo katika swali linaloulizwa darasani.

Tuitazame siku moja ya mwanafunzi wa sekondari huko Muleba. Katika kipindi cha Kiswahili hufundishwa tashibiha, sitiari na tashihisi. Saa chache baadaye, katika kipindi cha Kiingereza, hufundishwa dhana zizo hizo kwa majina mengine, akanakili fasili zake katika daftari jingine, na ni nadra kuambiwa kuwa mambo hayo ni mamoja. Jioni, nyumbani, huwasikia wazee wakisema kwa mafumbo ya Kihaya, lakini mafumbo hayo hayana daftari. Swali linalotawala darasani ni "Hii ni tamathali gani?" Swali la pili, "Inafanya kazi gani hapa?", huulizwa kwa nadra, ilhali ndilo swali la fasihi.

Song of Lawino ni mfano mzuri. Okot aliutunga utenzi huo kwa Kiacholi kabla ya kuufasiri mwenyewe kwa Kiingereza, na taswira yake mashuhuri imetokana na methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga katika makazi ya kale. Mwanafunzi anayetafuta jina la tamathali tu ataandika neno moja, apate alama yake, na shairi limpite. Lakini mwanafunzi huyo huyo amekulia katika kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambamo babu zake wamezikwa. Akiulizwa ni kitu gani hakiwezi kung'olewa kibanjani pasipo kuudhi ukoo, ataielewa hoja ya Lawino bila kamusi. Ufunguo wa shairi anao. Hakuna aliyemwambia autumie.

Aidha, eneo hili si maskini wa fasihi. Ruth Finnegan alipodai mwaka 1970 kwamba utendi si utanzu wenye uzito katika Afrika, M. M. Mulokozi alimjibu mwaka 1983 kwa ushahidi wa manju wa enanga wa Buhaya. Peter Seitel naye alichapisha uchambuzi wa ngano za Kihaya mwaka 1980. Ni jambo la kusikitisha kwamba sanaa iliyotosha kusahihisha nadharia ya kimataifa haijatosha kuingia katika kipindi cha dakika 40 pale pale ilikozaliwa.

Wapo watakaosema kwamba Kihaya kitapunguza muda wa Kiingereza, na kwamba darasa la Bukoba mjini lina Wanyambo, Wahangaza, Wasubi na wengineo pia. Hoja hizi ni za haki. Hata hivyo, hatupendekezi kubadili lugha ya somo. Tunapendekeza, kwanza, walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wafundishe tamathali katika juma moja, kwa kulinganisha istilahi zao. Pili, kila mwanafunzi alete usemi mmoja wa nyumbani kwao, aueleze kwa Kiswahili ili wenzake wote waelewe, kisha aeleze kwa Kiingereza unafanya kazi gani. Kwa njia hiyo Kiingereza kitapata kitu cha kusema, badala ya fasili za kukariri.

Mtihani nao hauna budi kufuata: alama nyingi zitolewe kwa maelezo ya kazi ya tamathali kuliko kwa jina lake. Pasipo hivyo, tutaendelea kuwahitimisha vijana wanaoamini kwamba ushairi ni mali ya lugha wasiyoimudu, ilhali wametoka katika nyumba zinazousema kila jioni.