Picha za Klamar Hazikuwa Tusi

Mwaka wa 2012, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya London, mpigapicha Joe Klamar wa shirika la AFP aliwapiga picha wanamichezo wa Marekani. Karatasi ya nyuma ilionekana imechanika, vivuli vikaanguka ovyo. Wengi walighadhabika, wakadai kwamba mashujaa wao wamedhalilishwa. Wengine wakamsifu kwa kuwaonyesha kama binadamu. Klamar mwenyewe alieleza kuwa hakutarajia kukuta wenzake wameandaa studio, naye ana vifaa vichache tu. Basi huenda kasoro hizo hazikukusudiwa! Hata hivyo, nawaunga mkono waliozipenda. Picha iliyong'arishwa kupita kiasi humfanya mwanariadha sanamu. Walimu na wazionyeshe darasani, wanafunzi wabishane.