Mawe ngapi chini ya mbabula? Tupime kabla ya kununua

Mvua inapoanza kunyesha, parsela nyingi zinageuka matope. Mbabula inawekwa pale pale nje, mguu mmoja unazama, sufuria ya maharagi inainama. Mtoto akipita mbio karibu nayo, maji ya moto yanammwagikia. Wengine wetu, kwa kuogopa matope, tunaingiza mbabula ndani ya nyumba na kufunga mlango. Huko nako kuna hatari: makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanaweza kulala wasiamke.

Dawa ni kutengeneza mahali pa kupikia nje, chini ya paa dogo la mabati lililo wazi pembeni, na kutandika chini changarawe, ile wauzaji wanaita gravie. Kazi si ngumu. Kinachotusumbua ni swali moja: tununue kiasi gani? Tukikisia kwa macho, tunanunua kidogo na matope yanarudi, ama tunanunua nyingi na pesa ya karo inabaki imelala nje ya mlango.

Tuchukue kamba au meta ya fundi. Tupime urefu na upana wa mahali, kisha kimo, yaani unene wa mawe tunaoutaka. Pale watu wanapopita tu, sentimeta 5 zinatosha. Pale mbabula inapokaa na maji yanapomwagika, tuweke sentimeta 10.

Hesabu yenyewe ni hii. Zidisha urefu kwa upana kwa meta. Jibu lizidishe kwa sentimeta za kimo. Halafu gawanya kwa 2. Unachopata ni idadi ya bidoni za litri 20.

Mfano: mahali pana meta 3 kwa meta 2, hiyo ni 6. Kimo ni sentimeta 10, inakuwa 60. Gawanya kwa 2: bidoni 30. Mawe yanashuka kidogo yakikanyagwa, kwa hiyo kila bidoni 10 tuongeze 1. Jumla ni bidoni 33.

Kama mahali ni pa mviringo, pima kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ukipita katikati. Tuseme ni meta 2. Zidisha 2 kwa 2, unapata 4, kisha zidisha kwa 8 na ugawanye kwa 10: inakuwa 3.2. Endelea kama mwanzo: 3.2 mara 10, gawanya kwa 2, bidoni 16. Ongeza 2, zinakuwa 18.

Mama wanaopasua mawe wanauza mara nyingi kwa beseni. Beseni hazilingani. Kabla ya kupatana bei, chukua bidoni ya litri 5 na ujaze beseni maji ukihesabu. Ikiingia bidoni 3, beseni hiyo ni litri 15, na beseni 4 zinatoa bidoni 3 kubwa. Kile kinachorundikwa juu ya ukingo tukihesabu kuwa matabishi, hatutagombana na muuzaji. Naye amevunja mgongo kwa nyundo. Tumlipe haki yake, tusimpunje.

Tusinunue kwa kukadiria uzito. Bidoni ya litri 20 ya changarawe ya kawaida inakaribia kilo 30. Mawe ya volkano yenye matundu, kama tunayoyaona Goma, ni mepesi zaidi, lakini yanajaza nafasi ile ile. Na kwa sababu ya uzito huo, binti asibebeshwe bidoni iliyojaa. Nusu yatosha, arudi mara mbili.

Vikundi vinavyonunua pamoja kwa kamyo vitumie hesabu hiyo hiyo. Mawe yakiwa bado juu ya gari, yasawazishwe, kisha tupime. Urefu wa meta 4, upana wa meta 2, kimo cha sentimeta 50: hizo ni bidoni 200, sawa na meta kibu 4. Dereva akidai ni 5, mwonyesheni kamba kabla hajamwaga. Yakishamwagwa chini, mashitaka yamekwisha.

Mama 10 wakihitaji bidoni 33 kila mmoja, jumla ni 330. Kamyo moja haitoshi, mbili zinabakiza 70. Tafuteni mama wengine 2 waingie: wote 12 watahitaji 396, na karibu hakuna kinachobaki. Hapo ndipo pesa ya kirimba inapofanya kazi vizuri.

Siku ya kutandika, ondoeni kwanza udongo laini, mshindilie chini, na muache mteremko mdogo unaopeleka maji mbali na nyumba. Zungusheni mawe makubwa pembeni ili changarawe isitawanyike. Katikati wekeni jiwe pana la bapa, lililokaa imara, na mbabula isimame juu yake.

Neno la mwisho ni kwa wanaopikia kwenye mafiga. Jiwe lililotoka mtoni likiwa limelowa lisitiwe motoni. Maji yaliyofungwa ndani yanageuka mvuke, na jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Mafiga yawe mawe makavu.

Tunaomba kila mama kiongozi alete kwenye mkutano wa kikundi vipimo vitatu vya kila parsela: urefu, upana na kimo. Tufanye hesabu pamoja, wale wasiozoea namba wakae karibu na wanaozijua, ndipo pesa itoke.